Mbuzi Walioramba Mlingoti

Sehemu ya Kumi na Moja

"Usiweke sahihi!"

Sauti ilitoka tumboni mwa boti. Ndiyo, boti ile ile ya matanga iliyokaa juu ya trela katika yadi ya Muteti hapa Noonkopir, Kitengela, mbali kabisa na bahari. Nanyi mliopiga simu gazetini wiki nzima mkidai ni jini, poleni sana. Jini hakemei namna ile.

Kalamu ya Leshan ilibaki hewani. Muteti aliruka nyuma akajimwagia chai kwenye suruali.

Mlango mdogo wa juu ya boti ukasukumwa kwa teke, na mwanamke akajitokeza akiwa na vumbi jeupe kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni. Mkononi alikuwa na panga.

"Seleyian!" Leshan akafoka. "Unafanya nini huko ndani?"

"Natafuta bei," dada yake akasema. "Nyinyi mko hapo chini mnaongea bei, mimi niko hapa juu naitafuta tangu asubuhi. Njoo uione, olalashe. Njoo, kaka yangu, uone unataka kununua nini."

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo tu kwenye kiti cha kinyozi, nikueleze upesi maana watu hawa hawatungoji. Leshan alikuwa mwanamaji jeshini, miaka ishirini na mbili kule Mtongwe, Mombasa. Alipostaafu akarudi nyumbani Kisaju kwenye nyasi na ng'ombe, na tangu siku hiyo hajatulia. Hakai kitini, hamalizi chakula, kila lori linaloelekea Mombasa linamsimamisha wima. Sasa hoteli moja ya Kilifi imemwahidi kazi ya kuwapeleka wageni Shelisheli, mradi awe na boti yake mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Boti ameipata kwa Muteti, dalali wa viwanja. Lakini Muteti hataki pesa. Anataka shamba la Kisaju, ekari kumi zenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, alizowaachia marehemu baba yao. Cheti cha shamba hilo kina majina mawili, la Leshan na la Seleyian.

Seleyian ni mjane. Anaishi hapo na watoto wake na ng'ombe wake, na hana pengine pa kwenda. Hata hivyo juzi alimwambia kaka yake neno ambalo mimi nisingethubutu kulisema: "Nionyeshe hiyo boti itafika Shelisheli na irudi, na mimi nitakubali. Lakini nionyeshe."

Basi ndiyo maana alikuwa ndani ya boti na panga.

"Angalia!" Akaichoma sakafu ya boti, na panga likazama mpaka nusu. "Unaona? Imeoza kama boga. Hii ndiyo itavuka bahari?"

Leshan alipanda ngazi, akachungulia, kisha akacheka kwa sauti.

"Hiyo ni plywood ya kukanyaga tu. Bahari haigusi hapo. Fundi yeyote wa Kitengela anaibadilisha kwa siku mbili."

"Na hili tangi la maji lenye matundu?"

"Nanunua lingine hapo stage."

"Na nyigu?"

"Seleyian, nyigu wanafukuzwa!"

Moyo ulimshuka Seleyian. Asubuhi nzima amechoma, amegonga, amekuna, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kufagia na kupaka rangi. Kaka yake alikuwa anasema kweli na yeye alilijua hilo, maana Leshan akidanganya huwa hacheki.

"Afande," Muteti akaingilia, akipangusa suruali, "tumalize. Karatasi ziko mezani."

"Tumalize!" Leshan akaruka chini. Lori alilokodi Athi River lilikuwa limefungwa kwenye trela ile tangu kulipokucha, na injini ilikuwa inanguruma bure. Dereva aliomba mara kadhaa aizime, Leshan akakataa. Mwishowe dereva alichoka akaenda zake kunywa chai.

"Bado," akasema mtu wa nne.

Huyu ni Gedi, au Baba Abdihakim kwa wanaomheshimu. Gedi ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa Garissa, na urafiki wake na Leshan ni wa sokoni, wa kukutana siku ya mnada na kushiriki chai. Ndiye aliyekubali kutoa pesa za kuitengeneza boti ili apate fungu lake katika kila safari. Amevaa kikoi na koti, na tangu afike amekuwa akiizunguka boti ile taratibu, akiibisha kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mwenzake anawaka moto, yeye anabisha.

"Bahari mimi sijui," Gedi akasema. "Lakini kununua kitu mwingine ametumia, hiyo najua. Leshan, simama mahali moja. Niambie kitu moja moja. Tanga?"

"Yamechanika mawili. Nashonewa Mombasa kwa bei nzuri."

"Nyaya za kushika mlingoti?"

"Zote mpya. Za zamani siwezi kuamini."

"Injini?"

"Iko sawa. Jana niliiwasha ikawaka."

"Warya! Hata ng'ombe mgonjwa anasimama ukimpiga fimbo. Kusimama na kufika ni vitu mbili. Hiyo injini ikikufia katikati ya maji?"

"Hapo ndio tanga inaanza kazi. Hii ni boti ya matanga, Gedi!"

"Na tanga ikichanika?"

Leshan aliyatupia jicho matanga yale mawili yaliyochanika.

"Weka injini kwa hesabu," Gedi akasema. "Haya, mbele."

Wakaenda hivyo. Leshan alitaja redio, nanga, pampu, boya la kuokolea watu, rangi ya chini ya kuzuia majani ya baharini, na kila alipotaja kitu alihama alipokuwa amesimama, mara yuko kwa lori, mara yuko mezani. Gedi alimfuata polepole na swali lile lile: nani atakileta, nani anajua kukifunga, kikiharibika tena?

"Jumla laki tano," Leshan akakata kauli. "Nimekwisha. Laki tano inaingia majini."

"Hiyo ni bei ya hapa Kitengela," Gedi akamjibu. "Sikiza. Mimi nikinunua ng'ombe Garissa, sihesabu bei ya Garissa. Nahesabu bei ya Dagoretti, pale anachinjwa. Lori, maji, majani, na wale wawili watavunjika miguu hapo Mwingi. Kila kitu umetaja, ongeza nusu ya kukifikisha."

"Nusu!"

"Nusu. Na kwa kile hujaona, ongeza kidogo tena. Nafika laki nane." Akainua kidole. "Laki nane niko nayo. Ikipita hapo hata shilingi, mimi niko nje, na wewe utabaki na boti kwa nyasi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana! Haipiti!"

Seleyian alikuwa amekaa ukingoni mwa boti, miguu ikining'inia, akisikiliza. Laki nane. Mtu anayo na yuko tayari. Kila kitu kilikuwa kinaenda kama Leshan alivyosema, na ahadi ni yake mwenyewe. Alianza kufikiria atawahamishia wapi ng'ombe.

Hapo ndipo mbuzi wakaingia.

Walikuwa mbuzi wa jirani, kundi zima, wamekuta lango liko wazi kwa ajili ya lori. Wakayapita maganda ya ndizi bila kuyanusa, wakayapita majani ya kabeji, wakaenda moja kwa moja mpaka ulipolazwa mlingoti wa boti juu ya mapipa mawili. Wakaanza kuuramba. Walisukumana na kupandana mabegani, kila mmoja akitafuta pa kutia ulimi.

Muteti, ambaye hajapata kuiacha nafasi ikampita tangu azaliwe, akapiga kofi.

"Oneni! Oneni wenyewe! Hiyo si ni chumvi ya bahari? Nimewaambia hii boti imetolewa Kilifi juzi juzi, haijakaa nchi kavu miezi mitatu, mkasema ni maneno ya broker. Sasa mbuzi pia ni brokers?"

Na sasa, msomaji, naomba umtazame Gedi. Mtu huyu hamwamini dalali, haiamini injini, haiamini laki tano ya rafiki yake. Lakini mnyama anamwamini kabisa. Amekula na kuvaa kwa kuwatazama wanyama wanafanya nini, na baba yake kabla yake. Uso wake ukakunjuka.

"Wallahi," akasema. "Mbuzi hana sababu ya kudanganya mtu."

"Hana!" Muteti akaitikia.

"Boti imetoka majini juzi, basi iko na nguvu bado. Ni kama ng'ombe ametoka malishoni leo." Gedi akanyoosha mkono wake wa kulia kwa Leshan. "Laki nane. Shika."

Leshan alimrukia na kuushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Nakwambia, tangu arudi Kisaju hakuna aliyewahi kumwona ametulia vile.

Naye Seleyian akashuka. Yeye pia amekulia na mbuzi, yeye pia anajua kwamba hawadanganyi, na hilo ndilo lililomuuma. Alitembea mpaka kwenye mlingoti akawafukuza wale mbuzi, si kwa hasira, ni mazoea tu ya mtu wa boma. Mkono wake ukapita juu ya bomba lile lenye mate na unga mweupe.

"Sawa," akasema huku akijifuta jasho mdomoni. "Nilisema mkinionyesha nitakubali. Mmenionyesha. Mimi si mtu wa kurudi nyu—"

Akalamba mdomo wake. Akaulamba tena.

"Leshan. Kuja uonje."

"Nionje nini? Tunachelewa!"

"Nimesema onja."

Leshan akaja akimburura Gedi kwa mkono, akatia kidole cha mkono mwingine, akalamba haraka kama mtoto anayelazimishwa dawa. "Chumvi."

"Ya bahari? Umekula chumvi ya bahari miaka yote hiyo. Onja polepole. Ni hii?"

Leshan akatia kidole tena. Alionja mara ya pili, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Chumvi ni chumvi, mama," Muteti akasema. "Bwana Gedi, tuko pamoja, ama?"

"Hii ni emakat," Seleyian akasema. "Hii ni magadi. Yeiyo, mama yetu, alikuwa anasaga na tumbaku yake kila siku ya Mungu, na sisi tulikuwa tunalamba kwa mawe tukichunga. Mimi siwezi sahau. Hii haijatoka baharini."

"Maneno!" Muteti akapaza sauti. "Ulimi wa mtu mmoja! Ulimi unaweza simama kortini?"

"Ngojeni."

Alitoka langoni mbio, akaingia kwenye kibanda cha mboga ng'ambo ya barabara, akarudi na limau mkononi na chumvi kidogo kwenye karatasi. Akaumwagia mlingoti chumvi ile upande mmoja, mahali alipopangusa pakawa safi. Akalikata limau kwa panga.

"Huyu hapa hana ulimi," akasema.

Akalikamulia limau juu ya chumvi ya dukani. Chumvi ililowa, ikakaa kimya. Akasogea, akakamulia juu ya ule unga mweupe uliokuwa ukirambwa na mbuzi.

Ukachemka! Povu jeupe liliruka juu likitoa sauti ya kitu kinachokaangwa, likatiririka mpaka chini ya pipa. Mpishi yeyote wa huku angekwambia ni nini hasa.

Gedi akautoa mkono wake katika mkono wa Leshan. Aliutoa kidole kimoja kimoja.

"Muteti," akasema. "Boti imetoka wapi?"

"Kilifi, si nimesema."

"Imetoka wapi?"

Dalali akatazama lango, akatazama panga la Seleyian.

"Ilipitia Magadi kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kuna injinia mmoja aliipeleka kwake aitengeneze akistaafu. Halafu akafa. Ikakaa."

"Ikakaa mpaka lini?"

"Miaka sita," Muteti akasema. "Lakini ilikuwa imefunikwa! Karibu yote."

Magadi, ndugu zangu. Joto la kuivisha mayai, na upepo unaobeba unga wa ziwa mchana kutwa na kuupenyeza hata ndani ya kabati la nguo. Na mlingoti ni wa alumini. Kama umewahi kuwachemshia watoto maharagwe kwa magadi kwenye sufuria ya alumini, unajua sufuria ile huwa nyeusi, mwishowe hutoboka.

Leshan hakuhitaji kuambiwa. Alipiga magoti penye shina la mlingoti, pale palipozungushiwa utepe mweupe ambao alikuwa ameutazama siku zote hizi bila kuuliza unafunika nini. Akaubandua. Chini yake alumini ilikuwa na mashimo mashimo na rangi ya majivu. Akatoa kisu chake cha mfukoni, akakikandamiza.

Kisu kiliingia.

Alikichomoa akajaribu pengine, kikaingia pia. Akajaribu mahali pa tatu.

"Mlingoti mpya unatoka wapi?" Gedi akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Afrika Kusini. Uletwe na meli, ulipiwe ushuru."

"Weka bei yake."

"Gedi, naweza kuweka kiraka, ninaweza kupata mabomba—"

"Utabeba wageni na kiraka? Weka bei. Halafu weka ile nusu yangu. Inapita laki nane?"

"Inapita."

"Inapita kiasi gani?"

Leshan alikuwa bado amepiga magoti. "Inapita mara mbili," akasema.

Injini ya lori ilikuwa ikinguruma tu. Gedi akafunga kifungo cha koti lake.

"Basi mimi niko nje. Pole, rafiki yangu. Nilisema tangu mwanzo."

Na Seleyian? Seleyian alicheka huku analia. Alikaa chini pale pale mavumbini na limau lake, akamshukuru Enkai, Mungu wake, kwa sauti, akawataja watoto wake kwa majina na ng'ombe wake kwa rangi. Furaha ilimjaa mpaka akamwonea kaka yake huruma. Akainuka, akamshika bega.

"Amka. Si mwisho wa dunia. Utapata boti ingine, nzuri. Mimi mwenyewe nitakusaidia kutafuta. Sasa twende nyumbani ukule."

Leshan hakuamka wala hakumtazama.

"Nyumbani wapi, mama?" Muteti akauliza.

Alikuwa ameketi mezani pake tena, akijimiminia chai nyingine.

"Kisaju," Seleyian akasema. "Kwangu."

"Leshan, hujamwambia?" Muteti akatikisa kichwa. "Mama, mimi ni broker, si mwizi, na sipendi kuonekana mwizi. Hizi karatasi hapa ni za boti peke yake. Za shamba tulimaliza zamani."

"Haiwezekani. Mimi sijaweka sahihi."

"Uliweka. Kajiado, kwa wakili. Ulimpa ndugu yako ruhusa."

Alikumbuka. Mwezi uliopita Leshan alimvalisha vizuri akampeleka Kajiado kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vyuma. Alimwambia ni ruhusa ya kushughulikia kugawa shamba, kila mmoja apate cheti chake, asije mtu akamsumbua yeye na watoto siku za mbele. Seleyian aliisoma karatasi ya juu. Za chini hakuzisoma, maana kaka yake alikuwa amesimama mlangoni akimhimiza, na kaka ni kaka. Baadaye alimnunulia soda na mandazi.

"Ilikuwa ya kugawa," akasema polepole. "Leshan. Si ulisema ni ya kugawa?"

"Ilikuwa ya kugawa." Leshan aliongea akiitazama ardhi. "Na ya kuuza."

"Halafu juzi ukaniacha niseme nikiona boti ni nzima nitakubali mwenyewe."

"Nilijua ni nzima! Nilijua ukiiona utakubali, na ukikubali, basi haitakuwa kitu. Ingekuwa ni kama uliniruhusu tu. Hungewahi jua. Seleyian, ningekurudishia shamba mara tatu ya hiyo."

"Nimeingia humo ndani tangu jua likichomoza," dada yake akasema. "Na nyigu. Nimechoma hiyo sakafu mpaka mikono imetoka malengelenge. Nilikuwa natafuta bei ya kitu umeshalipa."

Leshan aliinua mikono kujikinga, lakini Seleyian hakumpiga. Laiti angempiga.

"Rudisha," akamgeukia Muteti. "Chukua boti yako, rudisha shamba."

"Mama, mimi sikai na ardhi. Ardhi ni ya kupita mkononi. Nimeuza wiki jana, nimelipwa." Akanywa chai. "Na mwenyewe, aliyenunua, anahamia leo."

Panga lilimdondoka Seleyian.

Watoto! Amewaacha peke yao bomani. Alimshika Gedi koti kwa mikono miwili, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya hata kwa kulipwa.

"Baba Abdihakim, nipeleke Kisaju! Sasa hivi! Watoto wangu wako huko!"

Gedi alikuwa ameganda. Tangu Muteti aliposema "wiki jana", hakuwa ametikisika. Akakubali kwa kichwa, na wote wawili wakatoka langoni mbio mpaka kwenye pikapu yake iliyokuwa imeegeshwa nje, ikielekea barabara ya Namanga. Seleyian akaruka ndani. Gedi akaketi nyuma ya usukani, akatia ufunguo.

Hakuuzungusha.

"Twende!"

"Abaayo, dada yangu," Gedi akasema, "hiyo shamba yenu. Iko na silanga?"

"Iko na silanga, si umesikia? Washa gari!"

"Silanga iko chini, halafu nyumba ya mabati juu, na mlango inaangalia barabara?"

Seleyian akamgeukia. "Umejuaje? Wewe hujawahi fika kwetu."

"Sijafika," Gedi akasema. "Sijawahi fika."

Basi nitakwambia mimi, kwa kuwa yeye ilimchukua muda. Gedi, anayefungua mdomo wa mbuzi na kuhesabu meno kabla ya kutoa shilingi, alikuwa Garissa wiki jana Muteti alipompigia simu kuhusu shamba la bei ya haraka Kisaju, zuri kwa kupumzishia mifugo. Limekaa wazi, Muteti alisema, kuna kijumba tu cha mabati cha mchungaji juu ya silanga, kinatazama barabara. Gedi aliuliza maji yako wapi na barabara iko wapi. Mwenye shamba ni nani, hakuuliza, wala Muteti hakusema, si siku ile wala leo. Kitu pekee maishani mwake alichokinunua bila kukigusa kwa mkono kilikuwa ni nyumba ya mwanamke aliyeketi pembeni yake.

"Ni mimi nimenunua," akasema. "Sirad, mtu wa nyumbani kwangu, ametangulia na lori ya mbuzi asubuhi. Saa hii wameshashuka. Abaayo, wallahi sikujua."

Seleyian alimtazama mpaka maneno yakamwingia. Kisha, na hapa ndipo ninapompenda mwanamke huyu, hakupiga kelele.

"Sawa. Hukujua, naamini. Basi ni rahisi. Leshan ataenda mbele ya wakili aseme alinidanganya. Akisema kwa mdomo wake, hiyo ruhusa itavunjwa. Muteti atakurudishia pesa yako."

"Muteti arudishe?" Gedi akafuta uso. "Pesa si yangu yote. Nusu ni ya ndugu zangu. Wamenipa nitafute mahali, na nimewaambia nimepata."

"Leshan akisema—"

"Leshan akisema," Gedi akarudia.

Nyuma yao lori lilinguruma, na safari hii halikuwa likinguruma bure. Lilitoka langoni likiyumba, trela likagonga nguzo, na boti nyeupe ikapita kandokando ya pikapu karibu kukivunja kioo cha pembeni. Leshan ndiye alikuwa usukanini. Sahihi alikuwa ameiweka. Mlingoti ameuacha juu ya mapipa, dereva wa watu amemwacha kwenye chai, na dada yake amempita pale dirishani akitazama mbele. Alichukua boti isiyoweza kufika popote, akaenda nayo.

Ilipofika barabara ya Namanga haikukata kushoto kuelekea Kisaju. Ilikata kulia, Athi River, na baada ya hapo ni Mombasa.

"Mfuate!" Seleyian akaishika mikono ya Gedi iliyokuwa juu ya usukani. "Mfuate, Baba Abdihakim! Akishaingia barabara ya Mombasa sitampata tena. Hakuna mtu mwingine anaweza kusema!"

Hakuna mtu mwingine anayeweza kusema. Gedi alilisikia hilo vizuri. Muteti hatasema. Wakili ana karatasi yenye sahihi. Leshan akipotea, shamba la Kisaju ni la Gedi, limelipiwa, na mbuzi wake tayari wanakunywa maji ya silanga. Hakuhitaji kumdanganya mtu wala kumfukuza mtu. Alihitaji tu kutowasha gari.

Boti ilikuwa inazidi kuwa ndogo kwenye vumbi.

"Nakuomba," Seleyian akasema.

Gedi aliutazama ufunguo. Akauchomoa, akautia katika mfuko wa koti lake.

"Shuka kwanza, abaayo," akasema bila kumtazama. "Tuongee."